Mume Wangu Asitolewe Nyumba Hii

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu leo haifiki hata mlangoni. Obed, vuta kiti. Prisca, acha kulia, kilio kina siku yake na siku hiyo haiko mbali. Nisikilizeni hadi mwisho, asinikatize mtu, maana pumzi iliyobaki nimeipangia kazi.

Mimi Atuganile, mama yenu, nilikula jukwaani na ninyi mkala jukwaani. Baba yenu Ambindwile alipofariki mkiwa wadogo, ni kikundi cha maigizo cha lile shirika la nguo la Dar es Salaam kilichowasomesha na kuisimamisha nyumba hii ya Bulyaga. Nilicheza bibi mlevi, nikacheza mama mkwe mkorofi, watu wakashika mbavu. Kisha likaja soko huria, shirika likauzwa, na mwenye mali mpya akasema yeye amenunua mitambo, hakununua wachekeshaji. Nikarudi Tukuyu na sanduku la bati na magoti yaliyochoka.

Huku nako sikupumzika. Nikipita sokoni, "Bibi Mlevi, pepesuka kidogo tuone!" Nikienda msibani, hata msibani, wanangu, mtu ananivuta kanga nimchekeshe. Ndipo siku moja ya mvua mguu ukanikataa katikati ya soko, nikawa napepesuka kweli, na watu wakanipigia makofi wakidhani naigiza. Ni Yussuph peke yake, fundi cherehani, mgane ambaye hata jina langu hakulijua, aliyeinuka akawafokea, "Mama huyu anaumwa! Hamna macho?" Akanikalisha kwenye kigoda chake, akaniuliza kama nimekula.

Nikaolewa naye bomani, mchana kweupe, mimi na msalaba wangu shingoni, yeye na kofia yake kichwani. Wazee wa kanisa wakaninyima meza ya Bwana. Nikahamia benchi la nyuma, nikaimba kuwashinda wa mbele. Wewe Obed ukapanda basi kutoka Mbeya kuja kuniambia, "Mama, umri huu unatafuta nini? Unatuaibisha." Nilikujibu siku ile na narudia leo: mitumba ruksa, baa ruksa, kuuza mashirika ya umma ruksa, ila mjane kupata mtu wa kunywa naye chai ndiyo haramu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda changu cha ujane hamkukilalia ninyi.

Mwezi uliopita, Yussuph akiwa msikitini, baba yenu mdogo Asajile alikuja nawe Obed, akasimama hapo ulipo, akataka nimfukuze mume wangu ili nife nikiwa safi na nyumba irudi kwenye ukoo. Ukoo upi, ulioleta tofali gani? Nilikuwa siwezi hata kuketi, lakini nilishuka kitandani, nikashika fimbo, nikatembea kama Asajile, tumbo mbele, na kile kikohozi chake cha mkutanoni, nikasema kwa sauti yake ileile, "Shemeji, sisi kama ukoo..." Nawe ulicheka, Obed. Usiinamishe uso, ulicheka hadi machozi, na shemeji yangu akatoka bila kuaga. Mlipoondoka nikaanguka. Aliyeniokota sakafuni ni Yussuph, na ndiye anayeniogesha na kunigeuza kila siku, ninyi mkituma salamu na sukari. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Sasa shikeni neno langu. Shamba la Ikuti, migomba na chai yake, ni la baba yenu. Ligawaneni ninyi wawili sawasawa, na Prisca asiambiwe kwamba ameolewa kwa watu, hana fungu. Nyumba hii ni yangu. Yussuph atakaa humu mpaka naye aitwe, ndipo iwe yenu. Balozi wa mtaa nimemwambia, na majirani wamesikia. Asajile akija kupima kuta, mwambieni mtumai cha nduguye hufa maskini, kisha mpeni chai aende.

Nizikeni hapahapa, nyuma ya nyumba. Mchungaji akija, mpeni kiti. Asipokuja, nyimbo mnazijua. Halafu pigeni ing'oma, ngoma ya misiba ya babu zenu, na anayetaka kucheza acheze hata kama mzee wa kanisa ananuna. Udongo wa kwanza autupe mume wangu, na mtu asimshike mkono.

Nipe maji, Prisca... kidogo tu. Basi.

Kyala, Mungu wa bibi zenu, awatunze. Migomba yenu isianguke na upepo. Watoto wenu wawatazame usoni mkizeeka, wala wasiwaonee haya... Nimewabariki, wote wawili. Hata wewe mbishi.

Bado jambo moja. Yussuph yuko nje barazani na mvua hii. Wewe Obed ndiye uliyemwambia haya ni mazungumzo ya watoto wa kuzaa, naye kwa heshima yake akatoka. Nenda ukamwite. Si Prisca... wewe. Usimwite mzee, wala fundi. Mwite baba.

Sikusikia.

Tena, mwanangu... kwa nguvu... na mvua isikie.

Hivyo.

Ingia, mume wangu. Mwanao anakuita.