Daraja Lililovukwa Kimya

HIANG: Haloo? Teng?

(Mkwaruzo. Mtu anapumua.)

HIANG: Teng, nasikia unapumua. Sema basi, nimetoroka kaunta kukupigia.

SAUTI: ...Subiri.

HIANG: We! Ni nani wewe?

SAUTI: Subiri... anakuja.

HIANG: Anakuja nani? Simu ya mdogo wangu umeitoa wapi? Sikiliza, baba, simu hiyo kioo kimepasuka, betri imechoka, hata ukiiuza hupati bakuli la tambi. Mrudishie mwenyewe.

SAUTI: Yuko... ndani. Dukani.

HIANG: Mbona unanong'ona? Unamficha nani? Napiga polisi sasa hivi, unanisikia? Kisiwa chenyewe kidogo kama sahani, watakukamata kabla hujafika—

TENG: Dada! Dada, ni mimi. Usimtukane.

HIANG: Ni nani huyo?

TENG: Anaitwa Mzee Bak Seng. Nilimwachia simu anishikie, nikaingia dukani kuuliza njia.

HIANG: Asubuhi umeondoka na Azrul na Thivya. Huyu mzee kaota wapi?

TENG: Kwenye boti. Tulikuwa tumekaa, akaja akajibana katikati yetu. Hatumjui. Hakuna anayemjua.

HIANG: Na sauti hiyo ni ya nini? Kama mtu anayekwangua sufuria.

TENG: Alipasuliwa koo. Hawezi kupaza sauti tena. Dada, natembea huku naongea, sawa? Mtandao wa huku—

(Mkwaruzo.)

HIANG: —kwa sababu wenzako wakitaka kisiwa wanaenda Langkawi, wanaenda Tioman, wanaona samaki wa rangi. Wewe umepanda boti kwenda Pulau Ketam kutazama tope.

TENG: Tope lina vijisamaki vinavyoruka, dada. Vizuri kweli.

HIANG: Kaa umekula?

TENG: Hapana.

HIANG: Umeenda kisiwa kizima cha kaa, hata jina lake ni kaa, hujala hata mguu?

TENG: Azrul hali kwenye mikahawa ya huku, si halali kwake. Na mpango wetu ulikuwa matumizi madogo. Mama yake alitufungia wali wa nazi, tukala kwenye ngazi za hekalu.

HIANG: Huyo Azrul! Akienda kuoa atamwambia bibi harusi aje na kiti chake. Na baiskeli? Mlikodi?

TENG: Moja.

HIANG: Watu watatu!

TENG: Tulipokezana. Mmoja anaendesha, wawili wanakimbia nyuma. Tulicheka sana, dada, ungetuona—

HIANG: Nashukuru sikuwaona. Sasa nipe huyo Azrul wako nimkumbushe kesho una usaili.

TENG: Hayupo. Wameshatangulia gatini.

HIANG: Wameshatangulia. Na wewe uko wapi?

TENG: Nataka kumfikisha mzee nyumbani kwa shemeji yake. Ng'ambo ya kijiji. Mchana kutwa alikuwa na shughuli hekaluni, ndiyo kwanza ametoka. Nimemshikia mwavuli.

HIANG: Mvua inanyesha?

TENG: Hapana.

HIANG: Basi mwavuli wa nini?

(Miguu kwenye mbao.)

HIANG: Teng. Mwavuli ni mweusi, kama wa mazishi?

TENG: ...Ndiyo.

HIANG: Huyo mzee amebeba nini?

TENG: Chungu. Cha majivu. Ni mkewe, dada. Alizaliwa hapa, alimwomba amrudishe kwao.

HIANG: Mama yangu wee. Mlikaa na maiti kwenye boti!

TENG: Thivya alimuuliza kama ni achari.

HIANG: Hao ndio marafiki wako wenye shahada!

TENG: Hakujua. Kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu. Mzee akacheka, tukasikia hewa tu inatoka. Halafu akamwomba baharia amtafutie mtu wa kuita, madaraja ya huku ni mengi na yeye hana— Ngoja, dada. (Kwa sauti.) Shangazi Geok Lan! Tunavuka daraja! Njoo, fuata mwavuli, njoo nasi!

(Mbao zinalia chini ya miguu.)

TENG: Haya. Endelea, dada.

HIANG: Umeniacha hewani ukaenda kuzungumza na chungu?

TENG: Ni daraja. Lazima aambiwe.

HIANG: Mila naijua, usinifundishe. Kila daraja unamwambia marehemu tunavuka, asije akabaki ng'ambo anatangatanga kama paka ambaye wenyewe wamehama. Najua! Lakini hiyo ni kazi ya mtoto wake. Hana mtoto?

TENG: Anaye. Yuko Australia. Alituma shada la maua.

HIANG: Shada! Limekuja na mdomo wa kuita?

TENG: Ndiyo maana nikasema nitamwita mimi. Watu wote kwenye boti walikuwa wanacheka, dada. Mmoja akasema wekeni spika. Nikamshika mzee mkono, nikamwambia, Mzee, mimi nitamwita daraja hadi daraja mpaka mlangoni.

HIANG: Umeahidi.

TENG: Nimeahidi.

HIANG: Hujaulizwa, hujalipwa, hujui hata ukoo wao, umeahidi. Wewe ukiona mbwa anakohoa utampeleka hospitali ya mkoa. Boti ya mwisho inaondoka saa ngapi?

TENG: Saa kumi na moja. Nitawahi. Wa dukani kasema nyumba iko mbele tu, namfikisha, narudi mbio.

HIANG: Saa hii ni kumi na nusu imeshapita, Teng! Na ya kwanza kesho?

TENG: Saa tatu hivi. Asubuhi.

HIANG: Na usaili?

TENG: Saa mbili.

HIANG: Saa mbili, Kuala Lumpur, ghorofa ya juu kabisa, umevaa viatu vya kufunika vidole. Sivyo?

TENG: Nitawahi, nimesema.

HIANG: Unajua usaili huo ulipatikanaje? Unadhani barua yako iliwapendeza? Barua yako ilikuwa chini ya barua za watu wote waliomaliza chuo nchi hii. Nilisimama mbele ya meza ya bosi wangu, mimi, ambaye hata likizo siombi, nikainamisha kichwa. Nikasema mdogo wangu ni mwerevu, ni mtu wa kutegemewa. Akanitazama kama ninauza dawa ya mende. Akasema atamwambia mwenzake huko juu, mara moja tu, asije akaaibishwa.

TENG: Najua, dada.

HIANG: Hujui! Ungejua usingekuwa unazurura na majivu ya watu. Tangu umalize chuo umekaa nyumbani kwangu unasoma matangazo ya kazi na kulia bafuni ukidhani maji yanafunika sauti.

TENG: ...Ulikuwa unasikia?

HIANG: Ukuta ni wa mbao, Teng! Nasikia hata ukipiga mswaki!

(Mbao zinalia. Mtandao unakwaruza.)

TENG: Mbona hukuwahi kusema?

HIANG: Niseme nini? Nije nikupangusie machozi? Nilikutafutia usaili! Hayo ndiyo niliyo—

TENG: Dada, ngoja.

HIANG: Usiniambie ngoja, sijamaliza—

TENG: Ngoja! Mzee amesimama.

HIANG: Amechoka?

TENG: Anatazama nyuma. (Mbali na simu.) Mzee, vipi? ...Oh.

HIANG: Nini?

TENG: Tumevuka.

HIANG: Mmevuka nini?

TENG: Daraja. Sasa hivi, nikibishana na wewe. Tumelivuka sijasema kitu.

HIANG: Ni kadaraja tu.

TENG: Dada.

HIANG: Huko kila hatua tatu kuna ubao. Labda halikuwa daraja, kilikuwa kibaraza cha mtu.

TENG: Kuna maji chini. Kuna kamba za kushikia. Ni daraja.

HIANG: Basi mwambie hapo hapo ulipo. Sema, Shangazi, tumeshavuka, samahani, tufuate.

TENG: Na yeye bado yuko ng'ambo, atanisikiaje?

HIANG: Marehemu hahitaji ngazi wala boti! Atasikia!

TENG: Hivyo ndivyo ungefanya wewe?

(Honi ya boti, mbali.)

HIANG: Hiyo ni nini?

TENG: Boti. Inaita watu.

HIANG: Kimbia.

TENG: Kutoka hapa nikikimbia nawahi.

HIANG: Sasa kimbia! Mpe mzee mwavuli wake, mwombe radhi, kimbia!

TENG: Ndiyo anachosema na yeye. Ananisukuma begani. Anasema nenda, nenda, mtoto wa watu.

HIANG: Ana akili kukupita. Nenda!

TENG: Subiri... amegeuka. Anarudi peke yake. Kwa kiwiko kimoja kashikilia kamba, chungu kwapani, mwavuli umemwangukia usoni.

HIANG: Teng, usimtazame.

TENG: Amefika mwanzo wa daraja. Anajaribu kumwita, dada.

HIANG: Basi si ndiyo hivyo, anamwita mwenyewe.

TENG: Haitoki. Anafungua mdomo, haitoki. Mishipa ya shingo imesimama. Kuna watoto juu ya baiskeli wanamwiga.

HIANG: ...Watoto hawana adabu siku hizi.

TENG: Azrul ananipigia kwenye laini ya pili.

HIANG: Pokea! Mwambie azuie boti, alale mbele yake, afanye kitu kimoja cha maana maishani!

TENG: Ametuma ujumbe. Thivya ameniwekea begi kwenye kiti.

HIANG: Begi lako limepata kiti, wewe hujapata. Marafiki hao! Wangekuwa na hata punje ya aibu mmoja angeshuka.

TENG: Thivya alitaka. Nimemwambia wasisubiri.

HIANG: Lini?

TENG: Sasa hivi. Nimemwandikia.

HIANG: Teng.

TENG: Nilimwahidi mpaka mlangoni, dada. Sikumwahidi mpaka nitakapokuwa na shughuli.

HIANG: Usiniletee maneno ya mahafali. Saa mbili asubuhi mtu atasoma jina lako, atainua kichwa, ataona kiti kitupu. Kisha ataandika kitu kidogo pembeni, basi, imekwisha. Na mimi saa tatu nitakuwa nasimama mbele ya meza ile ile. Unanielewa? Meza ile ile.

TENG: Nakuelewa.

HIANG: Hatakuita tena.

TENG: Najua.

HIANG: Unalia?

TENG: Kidogo.

HIANG: Unalia na bado unarudi darajani.

TENG: Nimeshafika.

(Honi tena, ndefu. Injini inanguruma, kisha inafifia.)

HIANG: Imeondoka.

TENG: Imeondoka.

HIANG: Mjinga. Mjinga mkubwa. Utalala wapi?

TENG: Shemeji yake ana chumba, mzee anasema. Kinanuka kamba wakavu.

HIANG: Vizuri. Unuke. Ukirudi utalala nje na viatu.

TENG: Sawa.

HIANG: Na kesho nitamwambia nini yule bosi? Nimwambie mdogo wangu alikuwa anavusha marehemu?

TENG: Mwambie ukweli.

HIANG: Ukweli! Atafikiri familia nzima tumeingia wazimu. (Anapumua.) Nitamwambia bahari ilichafuka.

TENG: Bahari imetulia kabisa, dada.

HIANG: Nyamaza! ...Mzee yuko tayari?

TENG: Yuko tayari. Nimemnyooshea mwavuli. Dada, betri inaisha, nyekundu kabisa. Acha nikate, nisije nikavuka tena nikibishana.

HIANG: Kata.

TENG: Umekasirika?

HIANG: Mpaka meno yanauma. Weka simu mfukoni, ufanye kazi yako.

TENG: Haya. Kwaheri, dada. Asante kwa—

HIANG: Sitaki asante yako. Mfukoni!

(Kitambaa kinasugua simu. Laini bado iko wazi.)

TENG: (Kwa mbali.) Shangazi Geok Lan! Samahani, tulikuacha. Tumerudi kukuchukua. Tunavuka sasa...

HIANG: Sauti zaidi, mpumbavu wewe. Asibaki tena ng'ambo.

TENG: (Kwa nguvu.) Shangazi Geok Lan! Tunavuka daraja! Njoo, umeshafika kwenu, njoo—

(Simu inazimika.)