Lyle Brubaker na Nguzo ya Kusini

Ijumaa tarehe 30 mwezi wa tano, Lyle Brubaker atatundika funguo za ghala la uwanja kwenye msumari wake na kwenda nyumbani moja kwa moja. Atakuwa amekitumikia Chuo cha Ellery kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya jarida imeniomba niandike katika ukurasa huu wa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya sisi tunaofagia, kupika na kukata nyasi hapa ndio tunaousoma. Shule yangu ni ndogo, mtanisamehe. Lakini nimefanya kazi chini ya Lyle tangu nifike Ohio, na siku ya mchezo wa mia tuliishika nguzo pamoja.

Alikuja hapa kiwanda cha matairi kilipofungwa. Akaanza na mashine ya kukata nyasi, akapanda hadi kuwa mkuu wa kikosi cha uwanja. Ni yeye aliyechimba mifereji upande wa kaskazini, ambako zamani wachezaji walikuwa wanateleza kwenye tope kama kambare. Ni yeye anayechora mistari ya uwanja kwa jicho na kamba moja. Hakuna mtu wa kikosi chake aliyewahi kupoteza hata kidole. Hili ndilo analojivunia, na lina sababu yake: Lyle ni mwoga. Nasema hivi mbele yake na hakasiriki. Mwenzetu Dwight, mzaliwa wa mji huu na mtu wa masihara, alimpa jina la Bwana Itaanguka, kwa sababu ukiegemeza ngazi, ukipakia gogo au ukitundika taa, Lyle anapita nyuma yako akisema, "Itaanguka hiyo."

Woga huo una historia. Wanaojua mpira wa hapa, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi, wanajua kwamba kila mwisho wa uwanja husimama nguzo ya chuma iliyopinda shingo kama bata, juu yake boriti, na juu ya boriti mikono miwili iliyonyooka kwenda mbinguni. Na kila mtu wa Ellery anajua desturi: tukiwafunga Marwick, chuo cha ng'ambo ya mto, wanafunzi huteremka uwanjani, wakaing'oa nguzo na kuibeba hadi mtoni. Zamani nguzo zilikuwa za mbao. Chuma kilipokuja, desturi haikuuliza uzito.

Mwaka wa tatu wa Lyle hapa, Ellery ilishinda. Wanafunzi waliining'inia nguzo mpaka ikalala, na chini yake alikuwepo Wendell Pike, mtoto wa mkulima, mwaka wa kwanza. Lyle alimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika. Wendell alipona, lakini hakutembea tena. Kila Krismasi anampigia Lyle simu, na siku hiyo Lyle hali kitu mpaka simu ilie.

Baada ya hapo Marwick walitufunga miaka ishirini mfululizo. Nadhani ni Lyle peke yake aliyekuwa akilala vizuri.

Kisha ukaja mchezo wa mia kati yetu na Marwick, miaka kumi na moja iliyopita, na mwaka huo Ellery ilikuwa na timu kali. Mji mzima ulifurahi. Lyle alikonda. Alisema wanafunzi wa sasa hawajawahi kuigusa nguzo, wanajua wimbo wake tu. Mkurugenzi wa michezo, Bi. Paulette Greer, aliongeza walinzi, naye Lyle alishukuru, lakini akaomba ruhusa ya jambo moja zaidi: mchezo ukishaamuliwa, kikosi chetu kiilaze nguzo kabla wanafunzi hawajaifikia. Chini ya nguzo kuna sahani ya chuma yenye bolti nne na bawaba. Ukizitoa bolti, nguzo inalala kinyumenyume taratibu, ikishikwa kwa kamba iliyofungwa kwenye trekta. Tulifanya mazoezi kiangazi kizima, mimi, Dwight, Amisi wa Fizi na Lyle mwenyewe. Amisi alisema hata usingizini mke wake anamsikia akihesabu bolti.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Majukwaa yalijaa, na waliokosa nafasi walisimama nyuma ya uzio wa kusini, mgongoni mwetu, wanafunzi kwa mamia. Upepo ulipopita kwenye mikono ya nguzo, chuma kilikuwa kinavuma kwa sauti nyembamba, kama mtu anayelia na mdomo umefumbwa. Lyle alimpa Amisi mkate wake wa nyama bila hata kuufungua. Alikuwa akitafuna pipi ya mnanaa na kugeuka, kutazama uzio, kugeuka tena.

Zilipobaki sekunde chache, Ellery ilikuwa inaongoza kwa pointi mbili, na mpira ulikuwa mikononi mwetu. Hapo mchezaji anatakiwa kupiga goti tu na kusubiri saa iishe. Wanafunzi walianza kuupanda uzio, nao uzio ukaanza kuinama. Lyle aliutazama, akatuambia tutoe bolti. Hilo ndilo kosa lake la pekee ninalolijua katika miaka yote hii. Tulizitoa tatu, na ya nne Dwight alikuwa ameilegeza nusu.

Mchezaji wetu akauangusha mpira.

Marwick waliulalia ule mpira, kocha wao akaomba saa isimame. Ilibaki nafasi moja ya kupiga teke. Mpira ukipita kati ya mikono ya nguzo ni pointi tatu, na mchezo wa mia ni wao. Nguzo yenyewe ilikuwa hii yetu, ya kusini, imesimama kwa bolti moja iliyolegea.

Tulijaribu kuzirudisha. Nguzo ilikuwa imekwisha kuegemea kidogo kwenye kamba, na matundu hayakulingana. Lyle aliijaribu spana mara mbili. Akaiacha. Akamwendea mwamuzi na kumwambia ukweli wote, kwamba nguzo ina bolti moja na kosa ni lake.

Mwamuzi aliitazama nguzo, akamuuliza mbona imesimama.

"Imesimama kwa sababu ya hawa," Lyle akasema, akituonyesha sisi.

Makocha wakaitwa. Wa kwetu hakutaka kesho isemwe kwamba tumeshinda kwa kung'oa nguzo. Wa Marwick alisema atapiga hata kama nguzo imeshikwa na bibi yake. Basi ikaamuliwa: sisi tuishike, wao wapige.

Lyle alirudi na kutupanga, mabega chini ya shingo ya nguzo, kamba ikiwa imekazwa. Alituambia kwamba anayetaka kuondoka aondoke sasa, hatamdharau. Dwight alisema angeondoka, ila suruali yake imenasa. Hatukucheka. Nilimfikiria mama yangu kule Kigoma akipokea simu kutoka kwa mtu asiyemjua. Kisha Bi. Greer akaja mbio, viatu mkononi, akauliza ashike wapi. Lyle akampa mwisho wa kamba.

Wapendwa wenzangu, nimefanya kazi machimboni na nimelala porini, lakini sijawahi kuogopa vile. Mbele yetu wanaume wakubwa wenye kofia ngumu walikuwa wameinama tayari. Nyuma yetu uzio ulikuwa unalia. Tungefungwa, Marwick wangeshuka kutoka upande wa pili. Tungeshinda, wetu wangetuangukia mgongoni. Kwa vyovyote vile watoto walikuwa wanakuja, na chuma kile kilikuwa juu ya shingo zetu.

Nililisikia teke. Halafu mpira ukagonga mkono wa kulia wa nguzo, na mlio wake ulishuka ndani ya chuma hadi kwenye meno yangu. Ukaanguka mbele, uwanjani. Haukupita.

Nyuma yetu uzio ukalala chini.

"Legeza," Lyle akasema, polepole kama anayemwongoza mtoto kuvuka barabara. "Legeza, Amisi. Legeza, kaka. Usikimbie nayo."

Nguzo ilishuka. Wanafunzi walikuwa wanakuja wakiimba, na Lyle alisimama kati yao na ile mikono ya chuma, amewapa mgongo, ameinyoosha mikono yake miwili pembeni kama mtu anayewazuia ng'ombe. Wa kwanza walimgonga akapiga magoti. Wakati huohuo boriti ikagusa nyasi. Wasichana wawili wakajikwaa juu yake, wakainuka wakicheka. Kilichokuwa kimekuja kuua kilikuwa kimelala, na watoto walikikalia kama gogo.

Waliibeba hadi mtoni kama desturi inavyotaka. Lyle alitembea pembeni yao njia nzima akiwaonya wainue kwa magoti, si kwa mgongo. Aliporudi ghalani alishindwa kufungua chupa yake ya kahawa. Amisi alimfungulia.

Tangu siku hiyo Marwick wanasema tuliisogeza nguzo. Kila Novemba mgahawani mzozo unafufuka. Dwight huwaambia watu wa Marwick kwamba ilisogea na watu wa Ellery kwamba haikusogea, na hajanunua bia yake mwenyewe kwa miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Wiki iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, Mama Rais wa Chuo alimuuliza Lyle mbele ya watu wote: je, ilisogea?

"Sijui, mama," akajibu. "Mpira sikuuona. Nilikuwa natazama uzio."

Kutoka kwetu sote wa kikosi cha uwanja, asante, Mzee Lyle. Asante kwa kila ngazi uliyotukataza kuipanda, na kwa kutupeleka nyumbani wazima kila jioni. Nenda kwa mkeo Arlene, ule mkate wako wa nyama ukiwa wa moto, na siku zako zilizobaki ziwe tulivu.

Chuo kimemtunuku kipande cha nguzo ile ya kusini, kilichotolewa mtoni na kung'arishwa, ili kisimame kwenye bustani yake. Amekipokea kwa furaha, na ameomba jambo moja tu. Jana mimi na Amisi tulikipeleka kwa trekta. Tumekilaza.