Masuku ya Kuchemsha

ZENON: Haloo? Nani mwenzangu?

EDITH: Shikamoo, baba Silvana. Edith hapa, wa maabara ya hospitali.

ZENON: Marahaba. Si ulipiga asubuhi? Ukasema mwanangu hana mzio, masuku ale tu.

EDITH: Ndiyo, lakini— [mtandao unakwaruza] —unanisikia?

ZENON: Nakusikia. Sema, nyie wa ofisini mnapenda kuzunguka.

EDITH: Yale masuku uliyoleta. Tuliyasaga, tukachuja tupate protini yake, ndiyo tukamdondoshea Silvana mkononi na kumchoma kidogo. Sasa hivi nimeupima ule mchujo. Protini karibu hakuna. Uliyafanya nini?

ZENON: Niliyachemsha.

EDITH: Uli— kwa nini, baba?

ZENON: We binti! Tunda la porini limeniulia mke, nilibebe bichi kwenye basi toka kijijini, mtoto kanilalia begani? Nilichemsha mpaka maganda yakapasuka.

EDITH: Mungu wangu.

ZENON: Mlisema nilete masuku. Nani aliniambia yasiguswe na moto? Bosi wenu alikuwa anachezea simu!

EDITH: Ilibidi tukwambie, kweli. Baba, moto umeiharibu ile protini. Kipimo hakina maana. Silvana asile—

ZENON: Ndivyo mlivyo! Mke wangu Monika naye mlimwacha kwenye benchi. Eti pumu, subirini daktari anakunywa chai. Mpaka leo nikifumba macho namsikia anavuta pumzi. Kama bawaba yenye kutu.

EDITH: Baba. Silvana yuko wapi?

ZENON: Kaenda sokoni, Majengo. Tangu mama yake afe nimemkataza masuku, leo nikamwambia ruksa... katoka mbio kama mwanambuzi. Ngoja. Mlango. Ndiye huyo.

EDITH: Muulize!

ZENON: Silvana! Umeshika nini? Tupa! Tupa nakwambia! Anasema kala suku moja tu, njiani.

EDITH: Midomo imevimba? Anakohoa?

ZENON: Hapana. Anacheka. Anasema koo linamtekenya.

EDITH: Bodaboda, sasa hivi! Mlete, nasimama mlangoni na sindano—

ZENON: Monika naye alianza kwa kucheka.

EDITH: Kata simu umbebe, baba!

ZENON: Lile benchi bado lipo?

EDITH: Hatakaa. Naapa. Kimbia!

ZENON: Silvana, mama, njoo mgongoni. Usicheke, mwanangu. Usi—