Bi Kipimo: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kumpima Mtu Kabla ya Fremu

Tarehe 31 ya mwezi huu, saa kumi jioni, mkaguzi mkuu wa saizi katika kiwanda chetu cha baiskeli atavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya utumishi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili. Karakanani, ghalani na kwa madereva wa malori anaitwa Bi Kipimo, na sidhani kama yupo anayemwita vinginevyo isipokuwa mumewe.

Alianzia chumba cha rangi, akipiga fremu msasa. Mwaka wake wa pili alimfuata msimamizi akiwa na fremu mbili zilizobandikwa saizi moja, akazisimamisha juu ya meza, bega kwa bega. Moja iliizidi nyingine kwa upana wa kidole. Msimamizi akamwambia aache usumbufu, mnunuzi hatajua. Bi Kipimo akajibu kwamba kweli, mnunuzi hatajua, ila goti lake litajua. Wiki iliyofuata alihamishiwa meza ya vipimo, na hapo ndipo alipozeekea kikazi.

Macho yake hayana likizo. Akipanga foleni benki, anawagawa watu kwa saizi zao. Binti yake alipomleta mchumba nyumbani, kijana wa watu amechomekea shati na jasho linamtoka, Bi Kipimo alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi kisha akasema, "Karibu, mwanangu. Miguu mirefu, kiwiliwili kifupi. Usikubali mtu akuuzie fremu kubwa." Mkwe huyo anasema ndipo alipojua kwamba amekubaliwa.

Kila mfanyakazi mpya amepitia somo lake. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuhitaji baiskeli mbili tofauti, kwa sababu mmoja urefu wake uko miguuni na mwingine uko mgongoni. "Kimo ni cha kitambulisho," husema. "Baiskeli inauliza mguu."

Kampuni ilipoamua kuachana na mawakala na kumuuzia mteja moja kwa moja, kwa simu na kwa mtandao, wengi walitarajia atapinga. Hakupinga. Alisema wapo wenye maduka waliokuwa wakimtwisha mteja fremu yoyote iliyobaki ukutani na kumwambia, "Utaizoea tu." Alichotaka ni kwamba, maadamu mteja hatapanda baiskeli mbele yetu kabla ya kuinunua, maswali tunayomuuliza yawe ya uhakika. Maswali hayo ndiyo yatakayokuwa macho yetu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na kama ningeweza ningeiruka sehemu hii. Mimi ndiye mkuu wa mauzo ya moja kwa moja. Ukurasa wa kwanza wa kujipimia niliuandika mimi, miaka sita iliyopita, kwa alasiri moja. Bi Kipimo alikuwa likizo, nami nilikuwa na haraka. Niliwaandikia wateja hivi: pima mshono wa ndani wa suruali inayokukaa vizuri. Niliona ni rahisi, maana nani hana suruali? Mteja alituma namba aliyopima, kompyuta ikachagua fremu, ghala likapakia sanduku. Miezi minne ikapita, mauzo yakipanda, nami nikipongezwa.

Siku moja Bi Kipimo alipita kwenye kaunta ya vipuri akamkuta mtunza ghala anachekelea. Mabomba marefu ya kiti, yale yanayobeba kiti na kuingia ndani ya fremu, yalikuwa yakiagizwa kama maandazi ya moto. Yeye hakucheka. Aliyepewa fremu inayomtosha haombi bomba refu. Anayeliomba ni yule ambaye fremu imekuwa fupi kwake na ameshainua kiti mpaka mwisho. Na bomba la kiti lina mstari uliochorwa kuzunguka, ambao lazima uzame ndani ya fremu. Ukiuona mstari huo, bomba limetoka kupita kiasi, na uzito wako wote unaning'inia kwenye mdomo wa fremu.

Siku mbili baadaye mkunga mmoja alileta baiskeli yake akilalamika kwamba inalia kila akikaa. Bi Kipimo alipapasa pale bomba linapoingia. Ukucha wake ukanasa. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwangu bila kubisha, suruali ya mumewe ikiwa begani. Akaitandaza juu ya makaratasi yangu, akapima mshono wa ndani, akaandika namba. Kisha akaniambia, "Vua viatu. Simama ukutani." Mume wake na mimi tunavaa saizi moja. Alichukua kitabu chenye jalada gumu kutoka rafuni kwangu, akaniambia nikibane katikati ya mapaja na kukipandisha hadi kinakogota. Akaweka alama ukutani kwa penseli, akapima kutoka sakafuni. Tofauti ilikuwa sentimita saba.

"Mshono unaishia kwenye kifundo cha mguu, na huku juu suruali inaning'inia," akasema. "Suruali haiendeshi baiskeli. Umewatuma watu barabarani na fremu za wadogo zao."

Chini ya dirisha langu lori lilikuwa linanguruma, limepakiwa baiskeli mia moja na ishirini. Ilikuwa wiki ya mauzo makubwa kuliko yote ya mwaka ule. Kwa utaratibu wetu, mzigo hauondoki bila saini yake. Alishuka hadi kwenye mlango wa kupakilia, akamwambia dereva hatatia saini, akakaa juu ya sanduku.

Mkurugenzi alikuja mbio, shati limemtoka kiunoni. Wapakiaji wakaacha kazi. Nilisimama nyuma yao, na nakiri kwamba wakati ule nilitamani ashindwe.

"Wateja wameshaahidiwa," mkurugenzi akasema. "Hayo mengine tutayarekebisha polepole."

"Polepole ni kwa aliye chini, bosi. Hawa wako juu ya kiti."

"Ukikataa kutia saini, mama, kesho atakuwepo mwingine wa kutia."

"Basi na aje leo. Nimwoneshe ufa kabla hajashika kalamu."

Alikuwa amemwambia mchomeleaji akate kipande chenye ufa cha ile fremu ya mkunga. Akakitoa kwenye mfuko, akamkabidhi mkurugenzi. Huyu akakigeuza, akapitisha kidole, akasimama pale ukucha ulipokwama. Kisha akamgeukia dereva akamwambia, "Zima gari."

Kulikuwa na baiskeli mia nne na kumi na sita zilizokwishafika kwa wenyewe. Tuliweka simu sita kwenye meza ya mikutano, na Bi Kipimo akatuandikia swali moja la kuuliza: mstari kwenye bomba la kiti umezama au unaonekana? Ukiwa umezama, endesha. Ukiwa unaonekana, shuka, na usipande tena mpaka tukuletee nyingine. Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mmoja aliniambia nisubiri kidogo, nikasikia nyayo zake zikienda uani na kurudi. "Unaonekana," akasema. "Vidole viwili juu. Sasa?" Tuliwapata sitini na watatu wa namna hiyo.

Simu ya fundi cherehani mmoja ilipokewa na dada yake. Fundi alikuwa ameanguka siku tatu kabla, fremu ilipokatika chini yake kwenye mzunguko wa barabara. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika. Bi Kipimo alisikia, akafumba macho, akafumbua, akaendelea kupiga namba iliyofuata.

Siku ya pili, kufikia saa nne asubuhi, alibaki mmoja tu ambaye simu yake ilikuwa imezimwa. Ni mwalimu. Fomu yake ilionesha kimo cha mita moja na sentimita themanini na nane, na mshono mfupi kupindukia. Mwishoni alikuwa ameandika ombi: awekewe kiti cha nyuma, cha mtoto.

Bi Kipimo aliisoma mara moja tu. "Washa gari," akaniambia.

Anwani ilikuwa juu ya mtaa wa mteremko, nyumba ya geti la kijani. Mama mkwe wa mwalimu alitufungulia akiwa na sabuni mikononi. Ndiyo, simu ya mkwewe iliharibika tangu juzi. Hapana, hayupo, ameondoka sasa hivi kumpeleka mjukuu kliniki. Kwa nini? Bi Kipimo hakumjibu kwa nini. Aliuliza njia.

Tuliwaona mbele yetu, mwanamume mrefu aliyekunja mgongo, magoti yakikaribia usukani, na nyuma yake kofia ndogo nyekundu. Kati yetu na wao kulikuwa na gari la takataka lililoziba barabara, na mbele yao mteremko unaoishia kwenye njia kuu. Nilipiga honi. Gari la takataka halikusogea. Bi Kipimo alifungua mlango, akavua viatu vyake vya kazi vyenye chuma mbele, akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Nilimfuata, na sikuweza kumfikia.

"Baba kofia nyekundu! Baba kofia nyekundu, shuka!"

Mwalimu aligeuka, akamwona mwanamke asiye na viatu anamkimbilia akipunga mikono, na bila shaka alidhani amechanganyikiwa. Lakini alifunga breki, mguu mmoja chini. Bi Kipimo hakuanza kujieleza. Alimfungua mtoto mkanda kwanza, akamwinua, akampa baba yake. Ndipo akakishika kiti cha mwendeshaji kwa mikono miwili na kukisukuma. Kiliyumba. Ufa ulikuwa umezunguka nusu ya fremu.

Hatujui kama ingekatika kwenye mteremko ule, au jioni, au mwezi uliofuata. Yeye mwenyewe hukataa kabisa kusema aliokoa maisha ya mtu. Husema aliikuta mbovu. Mimi nilikaa ukingoni mwa barabara, huku mtoto akininyooshea biskuti.

Wiki hiyo alinipeleka kwa fundi cherehani. Nilitaka tumtumie barua. Alisema barua haina uso. Fundi alikuwa amekaa kando ya cherehani yake iliyofunikwa shuka, mkono kwenye plasta. Nilimweleza nilichoandika na nilivyoandika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniuliza mimi," akasema. "Mimi nampima mtu ili niikate suruali. Wewe umeipima suruali ukamkata mtu."

Alirudi kushona baada ya miezi mitano. Kidole gumba chake bado hukaza asubuhi.

Asidhani msomaji kwamba Bi Kipimo alinifunika. Aliandika ripoti, na jina langu likawa mstari wa kwanza. Kwa wiki mbili hakunisemesha ila la kazi. Nilipompelekea mkurugenzi barua ya kuacha kazi, yeye ndiye aliyesema nisiruhusiwe kukimbia. Akaomba niwekwe kwenye meza yake miezi mitatu, niwapime watu kwa mikono yangu. Niliwapima mia mbili na kumi. Nilijifunza kwamba watu hujisikia aibu kusema urefu wao wa kweli, kwamba wanaume hujiongeza, na kwamba lazima uulize mara mbili kwa upole.

Ukurasa wa sasa wa vipimo ni wake, kila neno. Mteja anavua viatu, anasimama ukutani, anatumia kitabu na penseli, na kabla fremu haijafungwa sandukuni mtu halisi humpigia kuthibitisha. Washindani wetu wameuiga, na yeye alifurahi uliponakiliwa. Mwaka ule zilirudishwa baiskeli nyingi kwa sababu ya saizi. Mwaka jana zilirudi tisa.

Katika toleo la mwezi ule la jarida hili la kampuni, tukio zima lilipewa mistari miwili: "Kampuni imefanya maboresho ya kawaida katika ukurasa wake wa vipimo. Tunawashukuru wateja kwa uvumilivu." Mistari hiyo pia niliiandika mimi. Lori halikutajwa, wala mkunga, wala mwalimu, wala fundi. Wala yeye. Hakulalamika hata siku moja, na hilo limenisumbua kuliko kama angelalamika. Nimemwomba mhariri ukurasa huu mzima ili niandike upya, kwa usahihi, jinsi mambo yalivyokuwa na nani aliyeyasimamisha.

Bi Kipimo, kwa niaba ya wenzako wa karakana, ghala, rangi na ofisi, asante kwa miaka thelathini na mitatu. Kwa niaba yangu, asante kwa asubuhi ile, na unisamehe kwa kuchelewa miaka sita kulisema hili mbele ya watu. Nenda ukapumzike na mzee wako. Mungu akupe afya na siku ndefu zenye furaha, na kila uendako ukute watu waliokutayarishia kiti.