Mwalimu Nurjahan na Mfuko wa Vitambaa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Nurjahan Liaquat atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Shinyanga mjini. Sisi wenzake tumekubaliana kutolia. Mwalimu Kudra wa Hisabati ameshayavunja makubaliano hayo mara mbili, na sherehe yenyewe haijaanza.

Mwalimu Nurjahan aliripoti akiwa na miaka ishirini na sita, binti wa muuza vitambaa wa sokoni. Marehemu baba yake alitaka arithi duka. Bibie akarithi mabaki tu: vipande vya khanga, vitenge na satini vilivyoachwa na mkasi, akavijaza kwenye mfuko wa sandarusi na kuingia navyo darasani. Walimu wakongwe walidhani kaleta biashara shuleni. Wawili walimuuliza bei.

Kumbe ndilo somo lenyewe. Watoto wa Kidato cha Kwanza walijua kusema kwa Kiingereza niliamka, nilinawa, nilikunywa chai, ila kila tendo lilikaa kivyake kama majirani waliogombana. Mwalimu akawatoa uwanjani. Huyu awe kuamka, yule awe kunawa, kila mmoja akisimama umbali unaolingana na wakati wa tendo lake, na kati yao kitambaa kilichoandikwa kwa wino "and", "then", "before" au "after", kila mmoja akifunga ncha yake kwenye kifundo cha mkono. Kanuni ilikuwa moja tu: humfungi mtu usiyemfikia. Mikono isipofikiana, ujue kuna tendo limerukwa. Hapo Mwalimu alishika kiuno na kuuliza: Halafu?

Hiyo Halafu, jamani, imetutesa wote. Ukimweleza kwa nini umechelewa, Halafu? Ukimsimulia harusi ya dada yako, Halafu? Mkaguzi mmoja alipotutembelea alifungwa katikati ya mtoto anayesonga ugali na mtoto anayeula. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatimka naye, tai begani, mpaka kwa mama wa mihogo. Ripoti yake ilisema kwamba ufundishaji wetu ni shirikishi sana.

Alikuwa mkuu wa Idara ya Lugha kwa miaka kumi na tisa na akaukataa ukuu wa shule mara mbili, akisema ofisini hakuna nafasi ya kutandaza vitambaa. Wazazi kutoka Songwa aliwaamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kabla hawajakaa, nao wakasahau walikuja kugomba. Lakini wasifu huu ungekuwa na tundu bila safari ya Geita, na ninayo haki ya kuisimulia kwa sababu mfuko niliubeba mimi.

Mwaka jana Mwigulu, mwanafunzi wetu wa zamani, fundi wa pampu kwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu, yaani kuitenga na mawe, alimtumia Mwalimu maelezo yake kwa simu. Pampu kubwa ya maji ilikuwa imeungua katika zamu yake, na Ijumaa angeketi mbele ya kamati ya nidhamu. Kazi hiyo ndiyo inayowasomesha wadogo zake wanne. Aliomba kitu kidogo tu: Mwalimu amnyooshee Kiingereza, maana meneja hajui Kiswahili.

Mwalimu akasoma mara tatu. Kiingereza kilikuwa safi, kila "after" mahali pake. Mwigulu alizima pampu, kisha akaenda kula, na aliporudi akaikuta imeungua. Pampu iliyozimwa itaunguaje? Akampigia na kuuliza swali lake lile lile. Mwigulu akaaga kwa adabu, akakata simu.

Alhamisi tukapanda basi la Geita bila kualikwa, na Mwigulu hakuweza kumkatalia mwalimu wake. Kanuni zilimruhusu mtuhumiwa kuja na mtu wa kumsindikiza. Wenzake huleta viongozi wa chama cha wafanyakazi. Yeye alimleta mwalimu wake wa Kidato cha Kwanza.

Ijumaa, sijui Mwalimu aliwapa nini wale watu hata wakakubali, ila ndani ya dakika kumi kamati nzima ilikuwa imesimama na vitambaa mikononi. Meneja alishika satini ya pinki. Mwigulu akawa kuzima pampu. Mkuu wa ulinzi, jibaba la haja, akawa pampu kuungua. Wakavutana, wakanyooshana, meza ikasogea, glasi ya maji ikamwagika, mimi nikajiuma mdomo nisicheke. Hawakufikiana. Mwalimu akashika kiuno.

Pembeni aliketi shahidi, Mzee Eliya, msimamizi wa zamu. Ndiye aliyempokea Mwigulu alipofika Geita hana pa kulala, akamweka kwake miezi miwili. Mwigulu humpa shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu. Mzee aliutazama ule upenyo. Kisha akainuka, akaingia katikati, akashika ncha zote mbili.

"Ufunguo alinikabidhi mimi," alisema kwa Kiingereza. "Nikaiwasha, nikasahau kufungulia maji. Mtoto huyu kanificha, na mimi nikakubali kufichwa."

Mwigulu akalia, na mkuu wa ulinzi naye. Meneja alisema aliyesimama mwenyewe atapewa onyo tu, wala hafukuzwi. Wote wawili wako kazini hadi leo. Tuliporudi tulishuka Kagongwa tukala wali, na Mwalimu akaniambia kwamba katika miaka yote ile, siku hiyo ndiyo aliyoogopa kuuliza.

Mwalimu Nurjahan, ahsante kwa watoto wetu, kwa chai yako ya iliki katika ofisi ya walimu, na kwa kutulazimisha kumaliza tulichoanza kusema. Upate afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye maswali mengi kuliko yako.

Siku ya sherehe kila mwanafunzi wako wa zamani atafunga kitambaa kimoja, kuanzia mlango wa ofisi ya walimu mpaka getini. Pita taratibu, tutakuwa wengi. Mwishoni utamkuta Mwigulu ameshika ncha ambayo hatukuifunga, na Mzee Eliya kasimama ubavuni pake. Mwigulu ndiye tuliyemtuma akuulize kwa niaba yetu sote, na geti hatulifungui mpaka ujibu.

Halafu?