Lalla Zhour na Sukari Aliyoirudisha

Tarehe 30 Juni, Lalla Zhour Benayad, mtaalamu wetu wa lishe, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kliniki ya afya ya akili hapa Taza. Miaka yote hiyo swali lake la kwanza kwa mgonjwa lilikuwa moja: “Umekula nini leo?”

Mwanzoni tulimcheka, jamani. Mtu kaja analia, hajalala wiki nzima, anaulizwa habari za biskuti! Taratibu tukamwelewa. Soda na vyakula vya pakiti vikiwa ndiyo mlo wa kila siku, usingizi unaweza kuvurugika, moyo ukazidi kuwa mzito. Hakudai kwamba chakula ni badala ya dawa. Alisema tu kwamba ubongo nao unakula.

Naye aliwahi kuvurunda. Miludi, dereva wa teksi, alilazwa kwetu akiwa anaishi kwa soda na keki za dukani, na alikuwa ameanza kusema haoni sababu ya kuendelea kuishi. Mkewe, Ghita, alikuja kumwona na bonge la sukari kwenye karatasi ya buluu, kama tufanyavyo sote tukienda kumjulia hali mgonjwa. Lalla Zhour akamrudishia mkononi. Astaghfirullahi! Kwetu, anayerudisha sukari amekataa undugu. Ghita akamchukua mumewe wakaondoka, dawa wakaziacha mezani.

Jambo hilo lilimuuma sana Lalla Zhour. Kesho yake asubuhi akanunua bonge kubwa kuliko lile, akalikumbatia kifuani na kupanda nalo vichochoro vya mji mkongwe, wenye maduka wakimtania njia nzima. Ghita akafungua mlango.

“Wewe? Na sukari?”

“Mimi, dada yangu. Nimekuja kuomba radhi.”

“Basi chai yangu utainywa, na usinipimie sukari!”

Akainywa yote, maskini, na glasi ya pili akaongezwa.

Miludi alirudi kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa zikaendelea, soda ikapungua kidogo kidogo, dengu na samaki wa Ghita vikachukua nafasi yake. Ilikuwa safari ndefu, lakini usingizi ulirejea. Juzi nilimuuliza kilichomsaidia ni nini hasa, dawa au dengu.

“Vyote,” akasema. “Lakini asubuhi ile ya sukari nilikuwa nimeshaamua kutouona usiku. Ndipo nikasikia hodi.”

Lalla Zhour, asante kwa kwenda kubisha hodi asubuhi ile. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na maisha mema, wewe na watu wako wote.