Mama Kipimo, Aliyeugawa Mwaka kwa Kijiko

Huyu tunayemzika leo alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa nne kati ya saba, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya wajenzi wa barabara. Baba yake alikuwa kibarua wa kuvunja kokoto. Mama yake alifua nguo za watu. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili na sufuria moja, na watoto walikula kwa zamu, wadogo kwanza. Marehemu alikuwa akisema kwamba kwao hakuona njaa, aliona foleni.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza darasa la saba mwaka 1964. Daftari moja alilitumia mara mbili: muhula wa kwanza aliandika kwa penseli, muhula wa pili akaandika juu ya penseli kwa wino. Mwalimu wa hesabu alipoligundua jambo hilo alimwita mbele ya darasa.

“Haya ni maandishi au utando wa buibui?”

“Ni daftari, mwalimu.”

“Sasa mimi nisome lipi?”

“La bluu, mwalimu. La kijivu ulishalisahihisha.”

Mwalimu alicheka mpaka akaketi, na tangu siku hiyo akamwachia. Marehemu aliongoza darasa kwa hesabu miaka miwili mfululizo. Nafasi ya kuendelea aliipata. Sare ndiyo haikupatikana, na nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine aliyekuwa na sare.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kufagia jiko la shule ya bweni yenye watoto mia nne. Baada ya miaka miwili alikabidhiwa funguo za stoo, na hakuziachia hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2006. Wakati ule chakula cha shule kilinunuliwa mara moja tu kwa mwaka, bei ikiwa chini, kikapangwa kwenye magunia hadi darini. Mtunza stoo ndiye aliyejua kama watoto watakula mwezi wa kumi na moja au hawatakula. Humo ndimo marehemu alimojifunza kuutazama mwaka kama gunia moja lililosimama mbele yake. Sukari ya chai aliipima kwa kijiko alichokifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono, ili kisiazimwe wala kisipotee. Wapishi walimwita Mama Kipimo, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa kumpenda.

“Mama Kipimo, ongeza basi kidogo,” mpishi mkuu alimsihi siku moja. “Chai yenyewe hii hata nyuki hageuki kuitazama!”

“Nikikuongezea leo, Novemba utawapikia maji.”

“Novemba mbali huko!”

“Kwako mbali. Mimi nimeshafika, nimekaa nakungoja wewe.”

Kwa miaka yote hiyo stoo haikukauka hata mara moja kabla ya shule kufungwa. Alipoondoka, wakubwa waliamua kununua chakula kila wiki kwa mfanyabiashara mmoja, wakasema huo ndio utaratibu wa kisasa. Septemba iliyofuata watoto walirudishwa makwao kwa kukosa chakula. Hakuna aliyekuja kumwuliza alikuwa akifanyaje. Siku hizi watu hawaulizi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1971 na mfunga vitabu wa kiwanda cha uchapaji, mwanamume aliyeishia darasa la nne na kujisomea mengine yote kwenye karatasi zilizokuwa zikingoja kushonwa. Kwa vile karatasi hizo huja mafungu mafungu, mumewe alijua mambo mengi ya dunia kwa kurasa kumi na sita tu, halafu basi. Marehemu alimtania kwamba yeye ameolewa na mwanzo wa kila kitu. Waliishi vyumba viwili na ukumbi mdogo, nyumba ya mwisho kabla ya bomba la maji la mtaa, na hawakuhama.

Orodha ya kwanza ya nyumba hiyo iliandikwa Januari 1972, kwenye daftari ambalo mumewe alilishona kwa vipande vilivyobaki kiwandani. Ilikuwa hivi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwaka familia iliketi mezani. Kila mtu, hadi mtoto aliyejua kusema, alitaja anachohitaji kwa mwaka mzima. Marehemu aliandika, akakata, akasoma kwa sauti, kisha akafunga daftari na kusema, “Orodha imefungwa.” Ambacho hakikutajwa kilingoja Januari nyingine. Kiatu kikichanika Februari, kilishonwa. Kikichanika tena, kilishonwa tena.

Haikuwa nyumba ya huzuni, kama wengine walivyodhani. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande kumi na viwili, akavianika juu ya kabati mwezi mzima vikauke, maana sabuni kavu haiishi upesi. Shuka iliyochakaa katikati aliipasua, akageuza kingo zikawa katikati, ikalaliwa miaka mitano mingine. Njiti ya kiberiti aliipasua mara mbili kwa wembe, na watoto walishindana nani atawasha kwa nusu njiti bila kuizima. Mshahara wa mfunga vitabu na wa mtunza stoo ulisomesha watoto watatu, na hakuna siku hata moja mtu alibisha hodi kudai chake. Leo kijana ananunua sukari ya shilingi elfu asubuhi na nyingine jioni, soksi ikitoboka anaitupa, halafu analalamika maisha yamepanda.

Kijana aliyekuja kumposa binti mkubwa alikuja Septemba. Alikaa ukumbini akitokwa jasho, akamaliza maneno yake yote. Marehemu alimtazama kwa upole.

“Mwanangu, maneno mazuri. Lakini mbona hukuja Januari?”

“Januari, mama, nilikuwa bado sijamfahamu.”

“Basi na harusi haikufahamika. Haimo kwenye orodha.”

“Sasa nifanyeje, mama?”

“Njoo Jumamosi ya kwanza ya mwaka, saa nne, na kiti chako. Viti vyetu ni vitano.”

Alikuja, na kiti alikibeba kichwani. Ndiye mkwe wetu huyu mliyemwona amesimama upande wa kichwa cha jeneza, na mkewe bado anamtania kwa kiti hicho.

Mstari mmoja wa orodha lazima uelezwe. Januari 1974 mtoto wa kwanza alikuwa na kifua kibaya, na marehemu aliongeza fungu ambalo halikuwapo. Aliandika: “Dawa, watoto.”

“Na sisi wawili?” mumewe aliuliza.

“Sisi wakubwa. Tutapona wenyewe.”

Walikuwa vijana, marehemu ana miaka ishirini na miwili. Walicheka, wakaendelea na mstari wa mafuta ya taa. Mstari ule haukuguswa tena. Watoto walipokua na kuondoka, uliandikwa “Dawa, wajukuu,” na fedha yake ikawekwa kando kila Januari, ingawa wajukuu wana baba zao na kadi zao za matibabu na hawakuwahi kuihitaji. Fungu likakaa, likajaa, mwaka baada ya mwaka, kwenye bahasha kabatini, futi nne kutoka kwenye mto aliolalia.

Machi mwaka jana mumewe alikanyaga miwani yake. Aliomba mpya.

“Haimo,” alijibiwa.

“Mama, mimi bila miwani ni kipofu.”

“Uzi wa kushonea vitabu unao. Funga.”

Aliifunga kwa uzi, akaivaa hivyo hivyo, na akaweka kinyongo. Na aseme kweli leo mbele ya wote, maana ndiye aliyeandika maneno haya, kwamba alikiweka. Jumanne tarehe 16 Mei, saa tatu asubuhi, marehemu alirudi bombani na ndoo nusu. Hakuwahi kurudi na ndoo nusu. Aliketi kizingitini, miguu imevimba, akishika kifua kwa mkono wenye maji.

“Baba watoto, hebu nisikilize. Kifua hiki kinanibana. Nadhani ningekwenda nikaonwe.”

Mumewe alikuwa anasoma. Alimtazama kupitia ile miwani ya uzi.

“Kimo kwenye orodha?”

Marehemu alicheka. Alicheka hasa, mpaka akakohoa.

“Hakimo.”

“Basi.”

Mumewe naye akacheka. Alidhani wamelipana: miwani kwa kifua, na yameisha. Alidhani mkewe atainuka, ajifute mikono, na kesho yake aende kwa daktari kama mtu yeyote mwenye akili. Hakufikiri kwamba mwanamke aliyekuwa ameyasema maneno yale kwa mumewe, kwa watoto wake na kwa wapishi tangu ujana wake asingeweza kuyasikia kama mzaha. Kwake hiyo ilikuwa haki. Alikuwa amewanyima wote kwa usawa, na sasa zamu yake ilikuwa imefika. Aliinuka, akamimina maji mtungini, na kifua hakukitaja tena.

Agosti mtoto wa mwisho alikuja kumwona.

“Mama, mbona umekonda hivi?”

“Nabana matumizi, mwanangu.”

Walicheka wote watatu. Kumbe nyumba hiyo ilikuwa imejifunza kucheka mahali ambapo nyumba nyingine hupiga kelele. Kuanzia Oktoba alilala ameketi, akasema mgongo unamsumbua. Ndoo ya maji alianza kuibeba mumewe, akidhani ni uzee tu, wa wote wawili.

Jumamosi tarehe 6 Januari mwaka huu waliketi mezani, wawili peke yao. Marehemu alisoma orodha: unga, mafuta, sabuni mche mmoja, miwani ya baba watoto, dawa za wajukuu, bati moja la jikoni, na mengineyo. Halafu akasimama kidogo kuvuta pumzi, akasoma mstari wa mwisho, aliouandika kwa herufi ndogo kuliko mingine.

“Kifua, kuonwa.”

Mumewe aliuliza, “Kifua gani?”

“Kile.”

“Tangu siku ile?”

“Nimekingojea mwaka wake. Kuna anayepinga?” Hilo ndilo swali alilouliza kwa kila mstari, miaka yote.

Hakuna aliyepinga. Mumewe alitaka watoke saa ile ile. Alikataa, akasema hospitali Jumamosi ni kupoteza nauli. Jumatatu tarehe 8 Januari alilazwa wadi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimwita mumewe kwenye korido.

“Mzee, moyo umechoka na maji yamejaa. Haya yalianza lini?”

“Mei.”

“Mngemleta Mei au Juni tungeyazuia. Kuna vidonge, si ghali. Watu wanavimeza miaka kumi na wanaishi. Kwa nini mlingoja?”

Jioni ile mumewe alifungua bahasha ya kabatini. Iliyokuwamo ingetosha kununua vidonge hivyo kwa miaka yote kumi, na nauli juu yake.

Alifariki Alhamisi tarehe 11 Januari 2024, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa ameketi kando yake. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa la asubuhi hiyo, alipoona muuguzi anatupa kipande cha sabuni. Alisema, “Hicho bado.” Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Wengi mliokuja hapa mtamsifu kwa kubana matumizi, na mtakuwa sawa. Mumewe amewasema watoto wake miaka mingi kwa ubadhirifu, amewasema majirani, ameusema ulimwengu huu wa kununua na kutupa. Alidhani nyumba yake ndiyo ya mwisho inayojua kuishi. Leo hana la kumwambia mtu. Ile njia ya zamani aliyoililia, inayokufa mbele ya macho yake, ndiyo iliyomlaza mkewe humu, na ile mpya anaidharau vilevile. Hajui tena awaambie wajukuu washike ipi. Ila hili moja: anayesema kifua kinabana, mpelekeni siku hiyo hiyo, na mwenye mzaha anyamaze.

Marehemu ameacha mume. Watoto watatu, ambao ni binti mkubwa fundi cherehani, kaka yake fundi umeme, na kitinda mimba karani wa posta. Wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake mdogo aliyebaki peke yake katika wale saba wa foleni. Ameacha pia orodha ya mwaka huu, mistari kumi na minne, iliyofungwa na kupitishwa, wa mwisho ukiwa umetekelezwa kwa kuchelewa miezi minane.

Mungu ampe pumziko la amani, na huko aendako asingojeshwe.